RAV4 kuukuu kwenye njia ya Niania: utengeneze nini kwanza, na kwa gharama gani

Gari likikuharibikia Bunia, unapoteza asubuhi moja. Likikuharibikia kati ya Epulu na Niania, unaweza kupoteza wiki nzima kwa sababu ya kipuri kinachoingia mfukoni. Ndiyo maana mwongozo huu haupangi matatizo kwa ukubwa wa ubovu wala kwa bei ya dukani. Unayapanga kwa swali moja tu: je, ubovu huu utaniacha njiani? Kinachopiga kelele tu kinaweza kusubiri. Kinachoweza kulisimamisha gari kitengenezwe kabla hujaondoka mjini, hata kama leo bado hakijaanza kukusumbua.

Niania ni pale barabara ya taifa namba 4 inapokutana na njia ya kwenda Wamba na Isiro. Upande wa mashariki kuna Epulu, Mambasa na Komanda, ambako njia inagawanyika, moja kwenda Bunia na nyingine Beni. Upande wa magharibi kuna Bafwasende na Kisangani. Bunia iko zaidi ya kilomita 300, na Kisangani vilevile. Mwenye gari hapa yuko mbali na kila duka kubwa la pyesi, aelekee upande wowote atakao. Malori yana watu wao, turuboi wanaolala chini ya gari na wanaojua kushusha giaboksi porini. Pikipiki zina fundi kila kijiji. Mwenye gari dogo la 4x4 ndiye aliyebaki katikati: gari lake ni gumu kuliko pikipiki kutengeneza, na halina kikosi cha kulihudumia kama lori.

Gari hilo mara nyingi ni Toyota RAV4. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1994, na mengi tunayoyaona Ituri yamekwisha kutumika huko kwa miaka, yakashushwa Mombasa, yakapita Kampala, kisha yakaingia kwa Mahagi au Kasindi. Wapo wenye Honda CR-V na Nissan X-Trail, na mengi nitakayosema yanawahusu pia. Lakini nazungumzia RAV4 kwa sababu vipuri vyake ndivyo vinavyopatikana Bunia, Butembo na Kisangani. Kwenye njia hii hiyo ni sababu nzito kuliko ubora wowote unaosifiwa na muuzaji.

Soma kibati kabla ya kujadili bei

Fungua boneti. Kwenye ukuta ulio kati ya injini na dashibodi utakuta kibati chenye herufi na tarakimu. Hizo ndizo zinazoeleza gari ni la aina gani. Rangi, redio na viti havina la kusema hapa.

SXA10 ni RAV4 ya kwanza yenye milango mitatu, SXA11 ni ile ya milango mitano. Zote mbili ni za 4x4, na kwa kawaida zina injini ya 3S ya lita 2. Hii ni injini ya zamani, rahisi, na fundi yeyote wa Bunia anaifahamu. Udhaifu wake mkubwa ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa huwezi kuiamini namba ya kilomita kwenye dashibodi ya gari lililopita mikono mingi, ubadilishe mara tu unaponunua gari. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, basi ibadilishe siku hiyohiyo. Kazi ya kufungua ni moja, na utalipa fundi mara moja. Mkanda ukikatika kwenye 3S-FE, injini inazimika lakini vali hazigongi pistoni. Utakwama, ila injini haijafa. Toleo la michezo lenye 3S-GE halina msamaha huo.

ACA20 na ACA21 ni kizazi cha pili, cha 2000 hadi 2005, chenye injini ya 1AZ ya lita 2. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na hiyo ni faida. Lakini hapa kuna mtego unaowagharimu watu wengi. Nyingi zilizouzwa Japani zina 1AZ-FSE, ambayo kwenye mfuniko wa injini imeandikwa D-4. Injini hii hupuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa sana. Inahitaji esansi safi, inajaza masizi kwenye njia ya hewa, na pampu yake ya shinikizo huchoka. Mihuri ya pampu hiyo ikilegea, esansi inavuja na kuingia kwenye oili. Vuta kijiti cha oili: kama kiwango kimepanda badala ya kushuka, na kinanuka esansi, usiliendeshe gari hilo, na kama ulikuwa hujalinunua, liache. 1AZ-FE ya kawaida, isiyo na maandishi ya D-4, ndiyo inayofaa huku kwetu. Tofauti ya bei sokoni ni ndogo. Tofauti ya maisha ni kubwa.

ZCA25 na ZCA26 zina injini ya 1ZZ ya lita 1.8 na huvuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. Sura ni ileile, 4x4 hamna. Kwa mji wa Bunia ni sawa. Kwa njia ya Niania hapana. ACA31 ni kizazi cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa 2005, chenye 2AZ ya lita 2.4. Ni gari zuri, lenye nguvu, lakini nitaeleza chini kwa nini silipendekezi kwa anayeishi upande huu wa msitu.

Joto ndilo linaloua

Kama unazo pesa za kutengeneza kitu kimoja tu, tengeneza mfumo wa kupoza injini. Kila kitu kwenye njia yetu kinafanya kazi dhidi yake: tope, mwendo wa gia ya kwanza kwa saa nyingi, mzigo, na joto la msitu lisilo na upepo.

Tope ndilo adui wa kwanza. Huingia kwenye matundu ya rejeta na, baya zaidi, kwenye nafasi iliyo kati ya rejeta na ile rejeta ndogo ya kipoza hewa iliyo mbele yake. Ukitazama kwa mbele unaona pasafi. Katikati pamekauka tope gumu kama tofali. Kumwaga maji kwa mbele kunalisukuma ndani zaidi. Osha kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana mashine ya kuoshea inalaza mapezi ya rejeta na kuziba njia ya hewa. Baada ya msimu mkubwa wa mvua, rejeta itolewe kabisa na ioshwe nje. Ni kazi ya nusu siku, na malipo yake ni madogo sana ukiyalinganisha na injini.

Feni za umeme zinapimwa bila kifaa chochote. Washa injini, washa kipoza hewa, nenda mbele uangalie: feni zote mbili zizunguke. Ikizunguka moja, gari litapoa vizuri mjini na litachemka kwenye tope la kwanza. Mfuniko wa rejeta nao ni kipuri, si kofia tu. Unashikilia shinikizo la kadiri ya baa 1, na mpira wake ukikauka maji yanachemka mapema. Ni wa bei ndogo kabisa dukani. Nunua mpya.

Sasa kuhusu thamostati. Kuna desturi mbaya iliyoenea kuanzia Kampala hadi Kisangani: gari likichemka, fundi anaing'oa thamostati na kuitupa, akisema nchi yetu ina joto na haihitaji kitu hicho. Kataa. Thamostati ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, kompyuta inadhani ni baridi na kuongeza esansi, silinda zinachakaa, na masizi yanajaa. Zaidi ya hayo, kuing'oa kunaficha ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni iliyokufa. Fundi anayeanza kwa kutupa thamostati hajatafuta tatizo.

Maji ya kisima yana chumvi za ardhini zinazojenga kutu na magamba ndani ya injini. Tumia majimaji ya rejeta ya dukani. Ukiishiwa njiani, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo kisafi ni afadhali kuliko ya kisima au mtoni, kisha yamwage na ujaze ya dukani utakapofika.

Sindano ya joto ikipanda, simama. Usiseme nafika kijiji kinachofuata. Zima kipoza hewa, na kama bado hujafika kwenye alama nyekundu, washa hita ya ndani kwa moto wote ili itoe joto la injini. Ikifika nyekundu, zima injini na ungoje zaidi ya nusu saa kabla ya kugusa mfuniko. Kilomita chache kwenye nyekundu zinatosha kupinda silinda hedi ya alumini. Ikishapinda, gasketi haizibi tena. Utaona mapovu kwenye rejeta injini ikiwa imewaka, moshi mweupe usiokoma, maji yanayopungua bila kuvuja popote, au utando wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili.

Matengenezo ya gasketi ya silinda hedi ndiyo yanayofilisi watu, na si kwa sababu gasketi ni ghali. Hedi inapaswa kupimwa kwa rula ya chuma na kusawazishwa kwenye mashine, na mpindo unaovumilika ni mdogo mno, sehemu chache za mia za milimita. Mashine hiyo haipo Niania. Hedi inasafiri kwenda mji mkubwa na kurudi, gari linakaa wazi, na siku zinakwenda. Fundi anayekuambia ataisugua kwa msasa juu ya kioo anakuuzia wiki tatu za matumaini.

Hapa ndipo 2AZ ya ACA31 inapoonyesha udhaifu wake. Kwenye nyingi za katikati ya miaka ya 2000, nyuzi za bolti za hedi zilizo ndani ya bloku ya alumini hulegea, hasa upande wa nyuma ulio jirani na ukuta wa gari. Maji yanavuja kwa nyuma pasipoonekana, injini inachemka, na kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii kwa kuwa bolti haina pa kushika. Tiba ni kutoboa upya na kutia nyuzi za chuma, kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu. Injini za 1AZ za miaka hiyo nazo zimewahi kupatwa na jambo hili. Ukitengeneza hedi ya injini hizi, mwambie fundi ajaribu kila tundu la bolti kabla hajarudisha kitu.

Maji ya mto na maji ya dimbwi

RAV4 ina nafasi ya sentimita 19 au 20 hivi chini ya tumbo. Madimbwi yetu hayajui hesabu hiyo, hasa pale lori lilipokwama juzi na kuacha mifereji inayofika magotini.

Kabla ya kuingia, tuma mtu atembee ndani kwa miguu akiwa na fimbo. Kama maji yanapita katikati ya gurudumu, ngoja au tafuta njia ya pembeni. Ukiingia, ingia polepole kwa gia ya kwanza na usibadilishe katikati. Injini ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha, hata kama abiria wanapiga kelele. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, na kile kipande cha chuma kinachoshika pistoni kinapinda. Sukumeni gari nje. Fungua sanduku la chujio la hewa. Kama chujio ni kavu, una bahati. Kama limelowa, toa buji zote nne, kisha zungusha injini kwa stata hadi maji yaache kuruka kwenye matundu. Kausha, rudisha, washa. Badilisha oili mara tu unapofika. Kazi hii inafanyika kando ya njia kwa ufunguo wa buji na spana chache. Usipoifanya, gharama yake ni injini nzima.

Jambo ambalo wengi hawalijui linahusu difu ya nyuma. Ina kipumulio kidogo juu yake. Difu ikiwa ya moto na kuzama kwenye maji baridi, inavuta maji ndani kupitia hapo au kupitia mihuri iliyochoka. Oili inageuka rangi ya maziwa na bearingi zinaliwa kimyakimya. Baada ya kila safari uliyovuka maji mengi, legeza skrubu ya difu utazame. Oili yake haifiki hata lita moja. Hakuna matengenezo ya bei nafuu kuliko haya kwenye gari lote.

Miguu ya gari

Chini ya gari kuna kelele nyingi, na mafundi wengine hutajirika kwa kelele hizo. Zitenganishe. Vile vijiti vyembamba vinavyounganisha stabilaiza na amortiseri hulia kokoko kwenye kila shimo, lakini havitakuacha njiani. Bushi za stabilaiza vivyo hivyo. Subiri ufike mjini.

Rotili ya chini ni jambo jingine. Ikichomoka, gurudumu linalala ubavuni na gari linasimama pale lilipo, au linaingia mtaroni kama ulikuwa unakwenda kasi. Inua gurudumu la mbele, shika juu na chini, tikisa. Ukisikia mchezo, badilisha sasa. Gurudumu hilohilo lizungushe kwa mkono: likiguruma, bearingi inaelekea mwisho. Zote mbili ni vipuri vya makumi ya dola, na fundi anayejua kazi anamaliza kabla ya jua kutua. Kagua pia mifuko ya mpira inayofunika viungo vya ekseli. Mfuko uliopasuka ni wa bei ndogo, lakini tope likiingia kwa safari moja tu, kiungo chote kinakwenda, na utakisikia kikigonga takatakata unapokata kona.

Kwa kizazi cha tatu, angalia mikono ya chini ya nyuma. Mwaka 2012 Toyota iliyaita yarudishwe magari ya RAV4 ya 2006 hadi 2011 nchini Marekani kwa sababu nati za kurekebisha magurudumu ya nyuma zisipokazwa vizuri, mkono unapata mchezo, unashika kutu na unaweza kukatika. Gari la namna hiyo likiwa mikononi mwa mafundi wanaolegeza na kukaza kwa makadirio, jambo hili si la kupuuza.

Chini ya injini gari lilitoka kiwandani na karatasi ya plastiki, ambayo huwa imeshapotea. Mchomeleaji wa Bunia atakutengenezea kinga ya bamba la chuma. Mwambie aache tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa kupita, na wewe uisafishe mara kwa mara, kwa sababu majani makavu yanayokusanyika karibu na egzosi yanaweza kushika moto.

Matairi ni sehemu ya 4x4

RAV4 za 4x4 za kizazi cha kwanza na cha pili huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Kwenye nyingi kuna kifaa kilichojaa mafuta mazito kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kifaa hicho kinadhani tofauti ya mzunguko ni utelezi. Ukifunga matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti hata kwenye njia kavu, kifaa kinapata moto bila kupumzika, na mwisho kinaharibika. Kwa hiyo nunua matairi manne ya aina moja na kipimo kimoja, mengi huwa ni 215/70R16, au kama pesa hazitoshi, tafuta manne ya okazyoni yaliyochakaa sawasawa. Na gari hili likivutwa, livutwe na magurudumu yote manne chini au yote manne juu.

Kizazi cha tatu kinafanya tofauti. Nyuma inaunganishwa kwa umeme pale tu kompyuta inapoona haja, na kitufe cha LOCK hujiachia ukipita kilomita 40 kwa saa. Ukihangaika kwenye tope kwa muda mrefu, kiunganishi kinapata moto, taa inawaka na nguvu ya nyuma inakatwa ili kipoe. Si ubovu, ni ulinzi. Ila kwenye tope la saa nzima ulinzi huo unakuacha na magurudumu mawili. Nyingi zilizotoka Japani zina pia giaboksi ya CVT, ambayo haivumilii kuchemshwa na inataka majimaji yake maalumu. Ukiijaza ATF ya kawaida, umeiua. Hizo ndizo sababu zangu za kusema kwamba kwa Niania, ACA21 yenye 1AZ-FE au SXA11 iliyotunzwa ni bora kuliko ACA31, ingawa zina umri mkubwa zaidi. Na ukiipata ya gia za mkono, usiiache.

Kwa giaboksi ya otomatiki ya kizazi cha pili, mafuta ni T-IV. Yapime injini ikiwa ya moto na inawaka. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, jadili bei upya au ondoka.

Esansi ya chupa

Huku tunanunua kwa Kadhafi, wale wauza esansi wa kando ya barabara, kwa chupa au kwa bidoni, na wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki kwa uaminifu. Lakini mafuta yamesafiri mbali na kumiminwa mara nyingi. Mimina kidogo kwenye chupa ya plastiki inayoona, iache itulie dakika chache. Maji hukaa chini, uchafu pia. Chuja kwa kitambaa kizito unapojaza. Kwenye kizazi cha pili chujio liko ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo uchafu ukiingia, kazi yake si ya kando ya njia. Usiache tangi likaribie kukauka, maana pampu inapozwa na esansi yenyewe.

Gari likianza kukohoa na kukosa nguvu, usikimbilie kununua vifaa. Kila buji ya 1AZ ina koili yake juu. Hamisha koili moja kutoka silinda ya kwanza kwenda ya pili. Tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, tazama buji, kisha esansi.

Namna ya kuhesabu gharama

Ukiuliza bei ya kipuri Niania utajibiwa namba moja, lakini gharama ni namba nne: bei ya dukani, usafiri wa kipuri, malipo ya fundi, na siku ambazo gari linalala. Chukua mfano wa hesabu tu. Rotili ya dola 15 Bunia, ukiongeza dola 10 za pikipiki au lori la kuileta, dola 10 za fundi, na siku nne bila kazi kwa gari linalokuingizia dola 20 kwa siku, imekuwa dola 115. Rotili ileile ikibadilishwa Bunia gari likiwa pale kwa shughuli nyingine ni dola 25. Bei za kwako zitakuwa tofauti. Uwiano ndio utakaobaki.

Kwa ukubwa wa gharama, yapange hivi. Mfuniko wa rejeta, thamostati, mabomba ya mpira, buji, mifuko ya ekseli, oili za difu: haya ni ya kufanya bila kusubiri ubovu. Rotili, bearingi, pedi za breki, amortiseri, koili, mkanda wa taimingi na pampu ya maji ni ya makumi ya dola kila kimoja, na yakikusanyika yanafika mia na zaidi. Rejeta mpya, klachi, raki ya usukani inayovuja, pampu ya esansi ya D-4, kazi ya hedi: hapo unazungumzia mamia. Injini au giaboksi ya okazyoni kutoka Kampala, kwa mfano kwa wafanyabiashara wa Kisekka, ni mamia mengi ukijumlisha barabara na vizuizi vyake.

Ukilazimika kununua injini, peleka namba kamili. 1AZ-FE na 1AZ-FSE hazibadilishani bila kompyuta, nyaya na mfumo wake wa esansi. Hakikisha imetoka kwenye gari la 4x4 lenye giaboksi kama lako. Na matengenezo yakizidi nusu ya bei ambayo gari lenyewe lingeuzwa leo likiwa zima, ningesimama. Liuze kwa vipuri Bunia. Gari la aina hiyo lina wanunuzi wa kila kipande.

Unapoagiza kwa simu, tuma picha ya kibati na ya kipuri cha zamani kabla ya kutuma pesa. Neno orijino kwenye boksi halithibitishi kitu. Linganisha uzito, mpira na alama. Ukilipa kwa noti, ziwe safi, maana dola iliyochanika hata kidogo hairudi sokoni. Kwa fundi, patana bei ya kazi nzima kabla hajafungua, uwe karibu, na uombe kipuri kilichotolewa.

Vya kubeba usivihesabu kuwa mzigo: oili lita mbili, majimaji ya rejeta, bomba la juu na la chini la rejeta, mkanda wa altaneta, koili moja, buji mbili, fyuzi na rilei ya feni, mfuniko wa rejeta, ufunguo wa buji, jeki na ubao mpana wa kuiwekea juu ya tope, koleo, panga, kamba nene na tairi la akiba lenye upepo. Kabla ya kuondoka Bunia au Komanda, waulize madereva wa malori waliofika leo kuhusu usalama na vizuizi vya mvua. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na gari lililokwama gizani si tatizo la pesa peke yake.

Januari na Februari mvua hupungua. Tumia miezi hiyo kulipeleka gari mjini kwa kazi kubwa. Ukiwa na dola 300, zitumie kwa mpangilio huu: rejeta na feni, mkanda na pampu ya maji kama ni SXA, rotili na bearingi za mbele, oili zote za chini, halafu matairi. Kikibaki kitu, ndipo utazame zile kelele.